Mama Alivyoupima Mtaa kwa Kilio

Mimi ni mwalimu wa hesabu, na mwalimu wa hesabu akitaka kuhama nyumba huchora jedwali. Langu nililichora kwa rula. Juu niliandika Mlandege na Makorongoni, mitaa miwili ya Iringa mjini iliyokaribiana kiasi kwamba ukikaanga vitunguu huku, kule wanapiga chafya. Kushuka chini nikaandika maji, umeme, choo cha ndani, umbali wa kwenda shuleni kwangu, na umbali wa hospitali. Hospitali niliipigia mstari mara mbili kwa sababu ndiyo iliyoanzisha habari yote hii.

Mama alikuwa anaishi peke yake Nyololo, kule Mufindi barabarani, tangu baba alipofariki. Magoti yalikuwa yamemgomea, macho nayo yalikuwa njiani kugoma, na daktari wa Iringa alitaka kumwona kila mwezi. Kila mwezi akapanda basi, akashuka amejikunja, akachukua nusu saa kunyooka. Mimi nilikuwa nakaa chumba kimoja cha uani, sina mume wala mtoto, na majirani nawajua kwa rangi za mageti yao. Nikampigia simu nikamwambia natafuta nyumba ya vyumba viwili, aje tukae wote. Niliogopa sana kwamba atakataa. Akakubali palepale, halafu akaongeza, "Ila usilipie popote mpaka nije nione wanavyozika."

Nilidhani mtandao unakatika. Nikamwomba arudie, akarudia.

Kwa anayetoka mbali inabidi nieleze. Kwetu mwanamke haendi msibani mikono mitupu wala macho makavu. Anabeba unga au kuni, na kilio anakianza akiwa bado njiani, ili wafiwa wamsikie kabla hawajamwona. Akiingia wanampokea kwa kilio chao, wanalia pamoja kidogo, kisha anajifuta, anakaza kitenge kiunoni na kwenda kusonga ugali. Mama alikuwa bingwa wa mambo hayo. Nyololo hakukuwa na sufuria la msiba ambalo hakulishikia mwiko. Mimi ni kinyume chake. Kazini wakipitisha bahasha ya rambirambi natumbukiza changu na kuendelea kusahihisha madaftari, na siku ya kuzika nina kipindi.

"Machozi yangu yote yako Nyololo," alisema alipofika chumbani kwangu na mfuko wake. "Nimemlilia kila mtu pale. Huku tunaanza sifuri. Sasa lazima nijue tunaanzia kwa watu gani."

"Mama, nyumba ya Makorongoni maji hayakatiki."

"Maji yanajua kulia?"

Jedwali langu halikuwa na mstari wa kilio.

Nikampeleka kuona nyumba zote mbili. Ya Makorongoni mwenye nyumba alikuwa mstaafu mmoja msafi, shati limenyooshwa mpaka mikono. Akatuonyesha bomba, akalifungua, maji yakamwagika kwa nguvu. Mama hakuyatazama. Alikuwa amesimama mlangoni mwa sebule, anapima upana wa mlango kwa upindo wa kitenge chake.

"Mna makochi makubwa?" mstaafu akauliza kwa adabu.

"Napima jeneza," mama akasema.

Kule Mlandege ikawa vilevile. Bomba lilikohoa hewa tu, na mama mwenye nyumba akatuambia maji huja yanapotaka. Mama akauliza turubai likifungwa linakaa upande gani, na kama gari la maiti linaweza kugeuzia pale. Mwenye nyumba akanivuta pembeni. "Dada, mgonjwa wenu yuko hospitali gani?" Nikamwambia hatuna mgonjwa. Akashangaa, "Sasa nyumba mnataka ya kuishi?" Nikaapa kwamba ni ya kuishi.

Tulivyotoka damu ilikuwa inanichemka. Nilimwambia mama kwamba atatukosesha nyumba zote mbili, na kwamba watu wazima huchagua nyumba kwa kuangalia nyumba. Akasema nyumba ameshaziona, sasa tungoje msiba.

Basi tukangoja. Nina aibu kuandika haya, lakini ndivyo ilivyokuwa. Kila asubuhi nilizunguka njia ndefu kwenda kazini, nipite mitaa yote miwili nikitafuta turubai. Wiki ikaisha. Wiki ya pili nayo ikaisha, watu wa Mlandege na Makorongoni wote wazima, wanafagia, wanaimba. Nikaanza kuwakasirikia kwa afya yao. Asubuhi moja nilimsikia mzee akikohoa nyuma ya ukuta, nikajikuta nimepunguza mwendo. Akatoka nje, akaniona, tukasalimiana kwa "kamwene" ya Kihehe, naye akapanda baiskeli yake akaondoka kwa kasi ya kijana. Siku ile nilifundisha vibaya mno.

Msiba wa kwanza ukatokea Makorongoni. Marehemu alikuwa bibi wa miaka mingi, amekufa usingizini, na Mungu anisamehe, nilishusha pumzi. Mama akabeba unga wake, mimi nikabeba kuni za kuwapelekea watu nisiowajua. Hatua ishirini kabla ya geti akaanza: "Mwenzetu! Umetuacha, mwenzetu! Hata kuaga!" Kilio kizuri, kinachomfaa marehemu yeyote. Ndani tukakuta viti vimepangwa kwa mistari, spika kubwa inaimba kwaya, na msichana aliyevaa sare ya wapishi wa kukodi akatupokea unga kwa mikono miwili. Hakujua auweke wapi. Mama akauliza jikoni ni wapi. "Mama, wewe kaa tu," msichana akasema, akamletea maji ya chupa na sahani iliyofunikwa karatasi ya nailoni.

Haikuwa dharau hata kidogo. Familia ile ilikuwa na uwezo, ikaamua kuwapumzisha majirani, nami kwa upande wangu niliona ni ustaarabu mtupu. Nilikula, nikashiba. Mama hakufunua sahani. Alikaa amekunja mikono mapajani, mikono isiyo na kazi, akiangalia moshi wa jiko la wenzake. Njiani alisema neno moja tu, kwamba amekwenda msibani akafanywa mgeni.

Siku nane baadaye, Jumapili mchana, muuza mboga wangu akanipigia. Nilikuwa nimemwomba anishtue. "Dada, turubai lako limefungwa. Mlandege, nyumba ya tatu kutoka ile unayoitaka. Watu wamejaa!" Mama alikuwa ameshakaza kitenge kabla sijakata simu.

Safari hii alianza kilio mapema zaidi, maana upepo ulikuwa unatuelekea na alitaka kifike. Tukafika getini, yeye mbele, mikono kichwani, analia kwa sauti iliyozoea kuvuka mabonde ya Mufindi. Mimi nyuma na kuni. Tukaingia. Chini ya turubai nikaona maputo. Nikaona binti wa kama miaka kumi na mitatu, gauni jeupe, taji la maua kichwani. Mbele yake, juu ya meza, keki ya ghorofa tatu.

Ilikuwa sherehe ya kipaimara.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze pamoja na kuni zangu. Nikamvuta mama kitenge. Mama akazidisha. Na hapo ndipo jambo lilipotokea ambalo mpaka leo nikilisimulia shuleni wananiambia nimelitunga.

Muziki ukazimwa. Mama wa binti akaweka kisu cha keki chini, akashika kichwa na kupiga ukunga: "Kaka yangu wa Makambako!" Kumbe kaka alikuwa anaumwa. Kwa wale watu, bibi mgeni akiingia analia vile, basi amekuja na habari. Mwanamke wa pili akamlilia shangazi yake wa Ilula. Wa tatu akapiga simu Mbeya, mtaa wa Soweto, kwa mama yake mkubwa, mama mkubwa akapokea mwenyewe, akasema yuko mzima anapika, na yule mwanamke akaendelea kulia vilevile na simu mkononi. Kila mtu alikuwa na mgonjwa wake. Wanaume wakavua makoti, wakaanza kuvitoa viti kwenye mduara wa sherehe na kuvipanga ukutani. Mmoja akauliza majembe yako wapi. Mtu akanipokea kuni, mwingine unga, vikaenda jikoni moja kwa moja, na vitenge vikakazwa juu ya magauni ya sherehe. Hazikupita dakika tano, msiba ulikuwa umekamilika, umepungukiwa maiti tu.

Wahenga walisema kifo cha wengi ni harusi. Hawakusema chochote kuhusu kipaimara.

Nikachukua kipaza sauti cha mshereheshaji. Kwanza nilikishika juu chini, mimi ninayesimama mbele ya watoto sabini kila siku. "Ndugu zangu," nikasema, "hakuna aliyekufa." Kilio kikapungua, hakikuisha. Mzee mmoja aliyekuwa ameshika kiti akauliza, "Una uhakika?" Nikasema nina uhakika, tumekosea nyumba. Shangazi wa binti akanijia juu: "Mnatuletea uchuro kwenye sherehe ya mtoto?" Alikuwa na haki. Bibi wa binti ndiye aliyetuokoa. Alijifuta macho kwa upindo wa khanga, akamtazama mama kutoka kichwani hadi kwenye magoti yake mabovu, akacheka mpaka akakaa chini.

"Mwacheni," akasema. "Mama wa watu katembea na unga. Mama, sufuria la pili la pilau halina mtu."

Hakuambiwa akae. Aliambiwa sufuria halina mtu. Nilimwona mama akienda jikoni karibu anakimbia. Mimi nikaketishwa pembeni ya mwanamke wa simu, naye akanisimulia magonjwa yote ya mama yake mkubwa, na nikapewa kipande cha keki ambacho sikustahili. Tuliondoka jua likiwa limeshapungua ukali, mama ananuka moshi na amefurahi.

Nilijikaza mpaka tulipofika barabarani. "Mama, umeniaibisha. Macho yako yamefika hapo? Hukuiona keki?"

"Keki niliiona tokea getini. Ghorofa tatu, ya pinki. Hiyo hata kipofu angeiona."

Nikasimama. "Uliiona, ukaendelea kulia?"

"Nilishaanza. Nikasema ngoja nione."

"Haya, umeona! Umeridhika? Watakulilia vizuri?" Nilikuwa napiga kelele, watu wanageuka. "Mimi nakutafutia nyumba ya kuishi, wewe kutwa kucha kufa, kufa, kufa!"

"Wanililie mimi?" Alinishangaa kweli. "Mimi naletwa huku kuzikwa? Nafasi yangu iko Nyololo, ubavuni kwa baba yako, na wa kunililia wako kulekule. Ya kwangu yameisha, mwanangu. Nakuuliza wewe. Ukishanizika, ukapanda basi kurudi huku, umefika, umefungua mlango. Nani yuko ndani?"

Nilitafuta jibu kwa hasira, maana hasira hunisaidia, safari hii nayo ikaniacha. Niliuona ule mlango wa chumba changu cha uani na ufunguo mkononi mwangu. Na nikaelewa kwamba kwa wiki zote zile, mlango aliokuwa anaupima kwa kitenge, na turubai, na gari la kugeuza, alikuwa ananipimia mimi, kwa siku ya pili baada ya kumzika. Nilimpenda mpaka nikaumia. Nikalia, mwalimu mzima, mchana kweupe, katikati ya njia ya Mlandege, sijali nani ananiona.

Mwanamke mmoja alikuwa anapandisha na ndoo ya maji kichwani. Hatukuwahi kuonana. Akasimama, akaitua ndoo chini polepole isimwagike, akaja akanishika bega. "Pole, dada," akasema. "Pole sana." Hakuuliza ni nani wala ni lini, macho yake yalikuwa tayari yamelowa.

Mama akamwambia tunahamia Jumamosi.