Pete ya Korongo Iliyomwokoa Ndunge

Jua linachungulia juu ya bwawa la Masinga, na Syokau Mutiso tayari yuko shambani kwake, Ndithini. Anafunga utepe wa kaseti kuukuu kutoka kigingi hadi kigingi. Upepo ukivuma utepe unalia vuuu, na ndege hawasogelei nyanya.

"Nawafukuza, siwaui," anasema. "Kuua niliacha."

Jirani yake, Muli, anapita na bomba la dawa mgongoni. "Mama Ndunge, bado unawapigia ndege disko?"

"Cheka tu. Na hilo bomba usilioshee bwawani!"

Hofu yake ina chanzo. Msimu wa mvua wa 2002 alinyunyizia panzi dawa kali. Korongo weupe wakashuka, wakala panzi, na mmoja akaanguka. Bintiye, Ndunge, aliyekuwa na miaka tisa, akamwokota, akamnyonyoa, akambandika jikoni. Mama aliporudi aliona mguu umetupwa kwenye jivu, una pete ya chuma yenye namba.

"Nikasema, Asi! Huyu ni kuku wa serikali! Tutafungwa!"

Akamwaga sufuria nzima nyuma ya nyumba kabla Ndunge hajaonja. Mbwa wao akala. Kufika jioni alikuwa amekufa.

"Nilimshika mtoto mpaka akalia kwamba namuumiza. Akina mama wasikie: ndege aliyekufa bila jeraha, mtoto asimguse!"

Afisa wa wanyamapori aliyepelekewa pete hakumfunga mtu. Miezi baadaye alikuja na mgeni kutoka Polandi, kwani nchi zimekubaliana kulinda ndege wanaohama pamoja na maji wanakotua. Korongo yule, mgeni akaeleza, aliangulwa juu ya paa la bibi mmoja mkulima, ambaye huweka gurudumu la mkokoteni huko juu ili ndege wajenge. Akavuka milima na jangwa hadi Ndithini.

"Mtu asiyenijua alimvisha ndege pete," Syokau anasema polepole, "ikaruka dunia yote, ikaja kumwaga sufuria ya mtoto wangu."

Siku hizi anaokota viwavi kwa mkono, ingawa karibu robo ya nyanya huharibika. Anataka majirani wote waache matete ya ukingoni mwa bwawa, korongo wanakotua, bila dawa. Wengine wamekubali; amebaki Muli.

Ghafla kivuli kinapita juu ya shamba. Korongo, kundi zima, wanazunguka bila kupiga bawa. Muli anasimama, anashusha bomba, anatazama juu kinywa wazi.

"Ni wa yule bibi?"

"Ni wake. Na mimi nataka arudishiwe wote."