Nilitafsiri Uongo Kati ya Mmishenari na Mzee Farah

Admin, ficha jina langu. Majina ya wengine pia nimeyabadilisha, kwa sababu watu wa Kitui tunajuana. Mimi ni mama wa miaka sitini na moja, naishi Matinyani, na ndimi kiongozi wa akina mama katika kanisa letu. Ninachowaandikia hapa hata mume wangu hajui.

Miaka ya themanini, nilipomaliza fomu foo, nilipata kazi ya kumtafsiria mmishenari mmoja kutoka ng'ambo. Nitamwita Ruth. Alikuwa ametumwa Zombe, hapa hapa Kitui, kuhubiri kupitia michezo. Alisimamisha nguzo mbili yeye mwenyewe, akafunga wavu, na kila Jumamosi wasichana walikuja kucheza voliboli. Mchezo ukiisha tulikaa chini, yeye anafundisha Biblia kwa Kiingereza, mimi natafsiri. Niliipenda sana hiyo kazi, na Ruth nilimpenda kama dada yangu.

Timu yetu ilikuwa ya kufungwa tu mpaka alipokuja Sahra. Alikuwa na miaka kumi na sita, binti ya Mzee Farah, Msomali aliyekuwa na duka pale sokoni na kuuza mbuzi na ng'ombe. Alicheza amejifunga shungi kichwani na kuvaa sketi ndefu, na akiruka kwenye wavu, mpira ulitua upande wa pili kabla mtu hajainua mikono. Ruth akasema si vizuri acheze bila baba yake kujua. Tukaenda kuomba ruhusa.

Mzee Farah alitukaribisha vizuri, akatupa chai. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia mimi, maana Ruth hakujua Kiswahili, "Binti, mpira sina shida nao. Lakini huyu mama ni mtu wa kanisa. Muulize kama ataniahidi kwamba mtoto wangu hatafundishwa dini yenu."

Nilijua Ruth angejibu nini. Hakuwa mtu wa kuficha. Angesema wazi kwamba Biblia inafundishwa kila Jumamosi, na Sahra angebaki nyumbani. Na wiki chache baadaye tulikuwa tucheze na timu ya Ikutha.

Nikamwambia Ruth kwa Kiingereza, "Anauliza kama utamtunza."

Ruth akaweka mkono kifuani. "Mwambie nitamtunza kama mtoto wangu."

Nikamgeukia mzee. "Ameahidi," nikasema.

Mzee Farah akainuka, akampa Ruth mkono.

Tangu siku hiyo nilimwambia Sahra awe akienda nyumbani mara tu mchezo ukiisha, na alifanya hivyo. Nikajiambia nimepata njia ambayo haiumizi mtu. Halafu Ikutha wakaja Zombe, uwanja ukajaa watu wa soko, na tukawashinda. Ruth alifurahi sana, akaanza kuhubiri hapo hapo kabla mtu hajaondoka. Mwishowe akasema anayetaka kumfuata Yesu aje mbele. Nikatafsiri. Wasichana wetu wakaenda wote pamoja wameshikana mikono, na Sahra alikuwa katikati yao. Mpaka leo sijui kama alienda kwa moyo wake au alivutwa na wenzake. Ruth alilia kwa furaha. Mimi nilikuwa nawaangalia wafanyabiashara wenzake Mzee Farah, waliosimama pembeni wakiona kila kitu.

Asubuhi yake mzee alifika kwa Ruth pamoja na ndugu zake wawili. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Nilimwamini," akaniambia. "Tulipeana mikono nyumbani kwangu. Muulize kwa nini amevunja ahadi yake."

"Anasema nini?" Ruth akauliza.

Nikamjibu, "Amekasirika kwa sababu Sahra amemkubali Yesu."

Ruth akasimama wima. "Mwambie siwezi kuomba msamaha kwa kuhubiri Injili."

Hayo niliyatafsiri sawasawa, neno kwa neno. Mzee Farah akawageukia ndugu zake. "Kumbe hata aibu hana," akasema, wakaondoka.

Sahra alitolewa shule, akapelekwa kwa jamaa za mama yake huko kaskazini, na kabla mwaka haujaisha tukasikia ameolewa. Wazazi wengine wakawatoa mabinti zao kwenye timu. Waliomtuma Ruth wakamwita arudi kwao. Siku ya kuondoka aliniuliza, "Nilikosea wapi?" Nikamwambia hakukosea popote, na hilo lilikuwa kweli, lakini sikuendelea.

Mwezi uliopita pasta alisoma barua kanisani. Ruth, sasa bibi wa miaka zaidi ya themanini, anakuja kututembelea. Anasema miaka yote hii amekuwa akiwasimulia watu wa kwao habari za Sahra, msichana aliyeteswa kwa ajili ya imani, na anataka kuzisimulia hapa pia. Ameomba nimtafsirie mimi. Kanisa lote lilinipigia makofi.

Juma lililopita nikaenda Zombe. Sahra alirudi baada ya mume wake kufariki, na ndiye anayeendesha duka la baba yake. Alinikumbuka, akaniita dada, akanipa kiti. Tulizungumza habari za watoto. Kisha akasema, "Baba alikufa akisema yule mama alimdanganya. Nasikia anakuja. Mimi nitakuja kumuuliza mwenyewe, na wewe utanitafsiria."

Nilimwambia sawa.

Zimebaki siku kumi na mbili Ruth afike. Nikisema ukweli, Ruth atajua kwamba ushuhuda wake wa maisha yote umejengwa juu ya uongo wangu, na sijui kama moyo wake katika umri huo utavumilia. Sahra atajua ni nani hasa aliyemharibia masomo. Nikinyamaza, nitasimama katikati ya hao wawili, na itabidi nidanganye tena, wakati huu nikiwa mama mzima ninayeheshimiwa.

Ndugu zangu, msinihurumie. Niambieni tu nianze kwa nani, na nianze na neno gani.