Elkana wa Jeshi la Wavuja Jasho

Abiria waliomzoea Elkana Kisia kwenye usukani wa basi pale Peckham hawakujua kwamba zamani alikuwa msemaji wa jeshi.

Alikuja London kusomea uhandisi, kijana wa Maragoli mwenye sauti nzito na shati moja la maana. Mwaka wa 1982, baada ya jaribio la mapinduzi nyumbani Kenya, wenzake wawili waliorudi likizo walikamatwa uwanja wa ndege, hata mizigo hawajachukua. Elkana akaapa kwamba hatakanyaga Kenya mpaka serikali ile ianguke. Akaacha chuo, akajiunga na Wakenya wengine waliokuwa wakikutana mtaa wa Kenton, katika chumba kilichokuwa juu ya duka la Firoz. Firoz, mzaliwa wa Kisumu, aliwapa chumba bure. Alisema amechoka kuongea habari za mchele na dengu tu.

Jeshi la Wavuja Jasho lilizaliwa katika chumba hicho. Kamanda wake, Francis Walumbe, alikwenda kufungua kambi katika msitu ng'ambo ya mpaka wa Kenya. Elkana alibaki London awe mdomo wa jeshi, na mdomo kweli alikuwa nao. Wapiganaji walipovamia kituo cha kwanza cha polisi na kuondoka na bunduki bila kuua mtu, wasikilizaji walijaa Kenton mpaka kwenye ngazi. Hotuba zake zilinaswa kwenye kanda na kupenyezwa Kenya. Watu walizisikiliza redio imefunikwa blanketi. Walimu waliacha chaki, wanafunzi wakaacha vyuo, wakavuka mpaka. Miongoni mwao alikuwa Naftali, mdogo wake Elkana, mwalimu wa shule ya msingi. Kule msituni akawa anawafundisha wapiganaji kusoma.

Naftali alipiga simu dukani kwa Firoz mara moja tu.

"Kaka, vita viko wapi?" aliuliza. "Huku tunawindana sisi kwa sisi. Kuna vijana wamefungwa kamba, eti majasusi. Mmoja ni mwanafunzi wangu. Hajui hata kudanganya."

"Vumilia," Elkana alimjibu. "Kamanda anajua anachofanya."

"Wewe unamjua Kamanda, au unamsikia tu?"

Elkana akacheka, akamwambia aache woga wa kike. Miezi michache baadaye Francis alituma habari kwamba Naftali ameanguka vitani kama simba. Elkana alisimama Kenton akamlilia mdogo wake kwa hotuba iliyowatoa watu machozi, na vijana wengine wakajiandikisha siku hiyo hiyo.

Kisha mambo yakaanza kuharibika. Serikali ya nchi ile ya ng'ambo ya mpaka ilipatana na Nairobi, silaha zikakoma kupita. Malaria na njaa vikaingia kambini. Kenya iliporuhusu vyama vingi, wapiganaji waliobaki walitoroka mmoja mmoja kwenda kutafuta vyama. Francis mwenyewe alipewa msamaha, akagombea ubunge, akaishia kuwa waziri. Huku London, Firoz alimwita Elkana kando kwa aibu.

"Bwana Elkana, usinielewe vibaya. Chumba nataka kukifanya stoo."

Wakashusha viti. Elkana akaenda kujifunza kuendesha basi. Alimwoa Margaret, muuguzi kutoka Kakamega, wakapata mabinti wawili waliomjibu kwa Kiingereza kila aliposema Kiswahili.

Miaka ikapita. Jumapili moja, mgeni alibisha mlangoni. Aliitwa Msabaha, Mdigo aliyekuwa mpishi wa kambi ile, naye sasa alikuwa mkimbizi London. Hakutaka hata chai.

"Nduguyo hakufa vitani," alisema. "Alimwendea Kamanda mbele ya watu, akamwambia awafungue wale vijana. Kamanda akasema, kumbe jasusi mkubwa ni huyu. Wakampeleka nyuma ya jiko langu. Mimi nilikuwa nakoroga uji."

Margaret ndiye aliyelia.

Mwaka ule ule Waziri Francis alikuja London, Wakenya wakamwandalia chakula katika ukumbi wa kanisa Peckham. Alikuwa amenenepa, na mzaha alikuwa nao bado. Elkana akanyoosha mkono.

"Mheshimiwa, Naftali Kisia mlimzika wapi?"

Francis akashuka jukwaani, akamkumbatia.

"Elkana, ndugu yangu! Wengi walianguka ili leo tukae hapa kwa amani. Mambo ya msituni tuyaachie msitu."

Watu wakapiga makofi. Elkana akauliza tena, lakini mchungaji alikuwa ameshaanza kuombea chakula. Mama mmoja akamvuta koti: "Baba, keti, usituaibishe mbele ya mgeni." Akaketi. Wakamletea sahani ya ugali na kuku. Akala.

Walipofika nyumbani, Margaret alimwambia, "Hutapata jibu kwa Francis. Kampigie mama yako. Yeye ndiye mwenye haki ya kujua."

Mama yake alikuwa amekataa miaka yote kumfanyia Naftali matanga bila mwili. Elkana alimpigia, akamweleza yote. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Na huko msituni," akauliza, "nani alimwita?"

Elkana akahamishia simu sikio la pili.

"Kanda zako ziko hapa chini ya kitanda cha nduguyo," mama akasema. "Jumamosi wazee watakata mgomba, tuuzike badala yake. Desturi ni hiyo kwa asiye na mwili."

"Nitakuja, Mama. Nitaomba ruhusa kazini."

"Usije. Watakuomba useme maneno kaburini."

Jumamosi Elkana aliendesha basi lake kama kawaida, kutoka Peckham hadi mjini na kurudi.