Pampu Iliyoonewa Huruma

Ashukuriwe Mungu, aliyetupa mvua na mito kabla hatujajua kuviomba.

Miaka ya tisini, kanisa letu karibu na Ndanai lilipata pampu ya kupandisha maji kutoka mtoni. Haikukaa sana ikaanza kunguruma kama iliyojaa mawe. Tuliogopa itavunjika, na akina mama warudi kupanda kilima na mitungi mgongoni.

Tukamwita fundi wa kiwanda cha chai, mtu wa pande za ziwa. Alitazama vali ya bomba linalopandisha maji, akatugeukia.

“Nani amefunga hii karibu yote?”

“Ni mimi,” akajibu mzee mwenzangu aliyeitunza pampu. “Sikutaka ichoke. Hata ng'ombe mwenye mimba simkimbizi.”

“Mzee, hii haizai!” Fundi alicheka mpaka akaketi. “Ukiyabana maji hivi, mengi yanakosa pa kutokea. Yanarudi nyuma humo ndani, yanavurugika na kugonga gurudumu linaloyasukuma. Hiyo ndiyo kelele.”

Akafungua vali polepole. Mngurumo ukapungua, ukabaki mvumo mtulivu. Punde tukasikia vigelegele vya akina mama kutoka kilimani, maana maji yalikuwa yakiingia kwenye tangi kwa nguvu.

Mzee wetu alivua kofia, akatuongoza kwa sala, akaiombea hata pampu afya njema. Fundi aliitikia amina kutushinda sote.

Nawe unayesoma, Mungu akujalie maji safi nyumbani na majirani wa kucheka nao.