Mkungu Nilioupigia Mnada Kanisani

Kwa heshima na taadhima napenda kuwatangazia wanaukurasa wote, mlio nchini na mlio ughaibuni, kwamba mimi, Mhaya wa baba na mama, nimeacha kula ndizi. Hii ni wiki ya pili nakula ugali. Mke wangu anadhani naumwa. Mama yangu kule Ijuganyondo amepiga simu kuuliza ni nani aliyeniroga.

Siumwi. Admin, jina langu lifiche vizuri, maana huku Muleba hata kikohozi watu wanakijua ni cha nani.

Nina miaka arobaini na saba, mke mmoja na watoto wanne. Niliishia darasa la saba. Ufundi wa redio nilijifunza mwenyewe kwa kuiharibu redio ya marehemu baba. Usharikani kwetu, upande wa Kagoma, mimi ndiye mnadishaji. Mnaosali na Walutheri kazi hiyo mnaijua: ibada ikiisha tunatoka nje, na kile watu walicholeta kama sadaka, kuku, mayai au mkungu wa ndizi, nakinadi mpaka apatikane wa kukichukua. Mdomo ninao. Nimewahi kumuuzia mtu jogoo wake mwenyewe.

Jumamosi moja, kama wiki mbili zilizopita, tulikuwa tunatoka mazoezi ya kwaya tukasikia yowe kibanjani, yaani kwenye shamba la migomba, kwa mzee wa kanisa letu, Baba Koku. "Mwizi! Nimemkamata!" Tukakimbia. Alikuwa amemkaba Sospeter, kibarua aliyekuja kutoka visiwa vya ziwani uvuvi ulipomshinda, akawa anapalilia mashamba ya watu. Miguuni pake palikuwa na mkungu mkubwa, umekatwa muda uleule, bado unachuruzika utomvu.

"Nimepewa, mzee," Sospeter alisema.

"Umepewa na nani? Mwenye kibanja si mimi?"

Sospeter akatazama upande wa nyumba, akanyamaza. Kule kunyamaza ndiko kulikomponza.

Sitaeleza yote. Niseme tu kwamba teno walianza, besi wakafuata, kama tulivyofundishwa. Waling'oa miti iliyokuwa inategemeza migomba, wakaitumia. Sospeter alilia, "Yesu wangu!" Mmoja akamjibu huku anashusha mti, "Usimtaje Bwana, mwizi wewe!" Mkono wake wa kulia niliusikia unavunjika. Ulilia kama muwa.

Mtaniuliza mimi nilikuwa wapi. Nilikuwa palepale. Sikumpiga. Niliwashikia vitabu vya nyimbo, visichafuke.

Kesho yake Baba Koku akaja ibadani na mkungu uleule amefunga nyuma ya baiskeli. Akasimama mbele kutoa shukrani: "Adui alitaka kula jasho langu, Bwana akamwaibisha." Tukaitikia amina. Baadaye tukaombea amani ya dunia. Tulizitaja nchi zenye vita moja moja, nyingine hata kuzitamka hatuwezi. Sospeter alikuwa kalazwa hospitalini hapahapa wilayani na hakuna aliyemtaja.

Ibada ikaisha, nikaunadi ule mkungu. Tena nikatia na utani: "Waitu, ndugu zangu, huyu ni mateka wa vita, nani anamkomboa?" Watu walicheka, mchungaji akafunika mdomo kwa kitabu. Mwalimu wa kwaya akauchukua kwa niaba ya kwaya, akina mama wakaupika na maharage, tukaula wote mchana uleule. Mimi niliongeza sahani.

Jumatatu Mama Koku, mke wa yule mzee, akaniletea redio.

"Hii mbona nzima, mama?"

"Najua ni nzima." Akatazama nyuma, kisha akasema, "Ule mkungu nilimpa mimi. Kanipalilia siku tatu, mzee akiwa Bukoba. Ningemlipa nini? Nikamwambia akate."

Kwetu mama ndiye mwenye jiko, lakini kukata mkungu kibanjani ni kauli ya baba. Mwanamke akitoa mkungu bila kauli hiyo, huitwa mwizi wa ndani.

"Sasa mbona hukusema?"

"Ulivyoona Sospeter alivyofanywa, mimi ningefanywaje? Na wewe, baba, mdomo wako wa mnada siku ile uliuacha wapi?"

Akachukua redio yake. "Nimeshindwa kumwambia mchungaji, nimekwambia wewe. Usinitaje."

Sasa Sospeter akipona anapelekwa mahakamani kwa wizi. Nikisema ninalolijua, atapona kifungo, ila Mama Koku ataipata yeye ile miti ya migomba, na talaka juu. Nikinyamaza, mtu aliyevunjwa mkono kwa ujira wake ataongezewa na jela, wakati waliomvunja wanafanya mazoezi ya wimbo mpya.

Kristo sijamwacha, mnielewe. Ukiitazama dunia ilivyo, sioni pengine pa kwenda. Lakini nachukia harufu ya mikono yetu. Jumapili hii ni Chakula cha Bwana. Nitapiga magoti katikati ya teno na besi, na kinachonitia kichefuchefu zaidi ni kwamba wao nao watakuwa wamepiga magoti kando ya mtu kama mimi.

Msiniambie niombe, nimeomba mpaka magoti yameota sugu. Niambieni kitu cha kufanya. Niseme, au ninyamaze? Na nikisema, nianzie kwa nani?

Jana nilikwenda kumwona Sospeter. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno marefu ya toba, na zaburi nimeinakili kwenye karatasi nikaikunja mfukoni. Kabla sijakaa, akaniuliza kama nimekuja na sabuni.

Sikuwa nayo.