Kochi la Mama

Juzi nilifika nyumbani Sikonge na hamu ya michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, nikakutana na kochi. Kochi kubwa la kahawia, ndugu yangu, bado lina nailoni yake ya dukani, na mama yangu ameketishwa katikati yake. Nilipomwamkia alijaribu kuinuka anipokee, akashindwa, akadidimia tena na nailoni ikalia. Nilishikwa na karaha ambayo mpaka leo haijanitoka.

Kaka yangu ndiye aliyelinunua, na kila mgeni lazima aonyeshwe. Eti mama anapumzishwa. Hafagii, hainami, jikoni hafiki. Chai inamfuata, uji unamfuata, hata ndoo ya haja ndogo inamfuata. Ipo nyuma ya kochi, imefunikwa kwa sinia, na harufu yake imeshika mapazia. Choo kipo hapo uani! Watu wanaingia, wanaziba pua kidogo, wanasema mama anatunzwa vizuri. Kutunzwa gani huko? Kinyaa kitupu.

Mimi nililelewa na bibi, aliyemzaa mama, na wakati huo alikuwa mzee kuliko mama alivyo sasa. Viazi vitamu vikishavunwa, mkeka ulitandikwa uani tangu asubuhi. Bibi alikaa chini, miguu ameinyoosha mbele, kiazi mkononi, kisu kikienda kra, kra, na vipande vyembamba vikijaa kwenye ungo. Nyumbani kwetu mgeni hakupewa kigoda. Alishuka mkekani, akapewa kisu, ndipo mazungumzo yakaanza. Jirani yetu mmoja, mama mtu mzima, alinung'unikia magoti yake kila alipokuja. Bibi alimjibu kwa kumsogezea viazi.

Ungo ukijaa, bibi aliinuka bila kushika kitu, akajitwika, akapanda jabali la nyuma ya nyumba pekupeku. Juu kule aliinama toka kiunoni, akaianika michembe kipande kwa kipande. Sisi watoto tulipanda kwa mikono na miguu, naye akatucheka, akituuliza kama tumekuwa nyani. Jioni michembe ya mwaka jana ilichemshwa, ikaungwa kwa karanga. Nikiikumbuka harufu ile, mate yananijaa.

Sasa nilimuuliza mama anataka nini. Alingoja kaka atoke, akaninong'oneza, "Nishushe chini, mwanangu."

Kaka alirudi akatukuta nimeshatandika mkeka uani. Akaja juu: mama kukaa chini ni mambo ya matanga, majirani watadhani tumefiwa. Nilimshusha mama polepole, nikamshikilia hadi mkekani, nikampa kisu na viazi. Wallahi, vidole havijasahau! Vipande vilitoka vyembamba vilevile, na mama akaanza kunisimulia habari za viazi vya zamani, sauti yake ikiwa imechangamka.

Ungo ulipojaa akaukataa mkono wangu. Aligeuka, akapiga magoti, akaweka viganja chini, akasukuma. Mikono ikatetemeka. Akasukuma tena. Kaka akamnyanyua kwa makwapa kama gunia, akamrudisha kwenye kochi, kisha akachukua kitambaa akamfuta udongo miguuni, amekunja uso. Udongo wa uani kwetu, ndugu yangu, ndio alioukunjia uso!

Niliuchukua ungo mwenyewe. Juu ya jabali siku hizi hakuanikwi kitu. Limejaa mifuko ya plastiki na mavi ya mbuzi, na wale kina mama wa mkekani wote wamekwisha. Nilianika, nikashuka nikihema.

Mama aliniuliza, "Umepanda kwa miguu?"

"Kwa mikono, mama."

Hakucheka. Aliyatazama magoti yangu, akasema, "Kesho tandika mapema, tushuke wote wawili."

Kaka akadakia kwamba kesho kuna wageni, wanakuja kumwona mama na kochi lake. Nikamwambia awaambie waje. Visu vipo.