Kofia ya baba mtoto

Jamani, nyie Wakurya mbona hamkuniambia?

Leo nimempelekea jirani yangu Rhobi, hapahapa Matongo, zawadi ya kichanga chake. Sweta nimelifuma mwenyewe. Uzi ukabaki, nikafuma na kofia ya baba mtoto.

Nikamkuta bibi anayeishi naye, nikajua ni mkwe.

"Shikamoo bibi. Kofia hii umpe baba mtoto akirudi."

"Arudi kutoka wapi? Rhobi nimemuoa mimi, kwa ng'ombe wangu!"

Nikamgeukia Rhobi. Anacheka!

"Dada, hii ndiyo nyumba ntobhu. Mama asiye na mtoto wa kiume anaoa mke, amzalie."

Mimi mtu wa Mbeya, mdomo wazi.

Bibi keshaivaa kofia.

"Imenitosha. Anza kufuma sweta lingine, naoa tena."